Andika na Kuhara

Kadi ya chanjo ya mjomba ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu za alizeti. Alichanjwa Ikungi mwishoni mwa 2021, dozi moja ya Janssen. Wiki mbili baadaye miguu ikaanza kufa ganzi. Kufikia msimu wa palizi alikuwa anatembelea fimbo mbili.

"Mjomba, wewe umesoma," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana. "Nani analipa?"

Sikujua, nikaanza kusoma. Mwaka 1953 mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba aliyeumizwa na chanjo ya lazima ya ndui aliumia kwa faida ya wote, hivyo afidiwe na wote. Sheria ikafuata 1961. Uingereza ikatunga yake 1979, Marekani 1986. Wazo lao lilikuwa moja: mgonjwa asilazimike kuthibitisha uzembe wa mtu.

Kwetu njia iliyozoeleka ni mahakama: ukiishtaki Serikali, unatoa kwanza notisi ya siku 90, madai ya madhara yana ukomo wa miaka 3, na uzembe ni juu yako kuuthibitisha. Lakini dozi zilizoletwa kupitia Covax zilikuwa na mlango mwingine. Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa fidia kwa nchi 92, Tanzania ikiwamo. Hesabu yake: wastani wa pato la mtu kwa mwaka katika nchi ya mgonjwa, mara 12, mara kiwango cha madhara. Kwa hesabu hiyo, mguu wa Ikungi haulingani bei na mguu wa nchi tajiri zaidi. Na ukipokea, unaachana na mahakama.

Daktari alitueleza kwa upole. Ugonjwa huo wa mishipa ya fahamu umewahi kuonekana, kwa nadra sana, baada ya Janssen. Marekani ilitoa tahadhari Julai 2021. Lakini huweza pia kufuata kuhara. Na mjomba alikuwa ameharisha mwezi uleule.

Jioni tulijaza fomu kwenye simu yangu, juu ya jiwe ambako mtandao unashika. Nilipofika kwenye historia ya ugonjwa, nikasita.

"Andika na kuhara," alisema mjomba. "Mama yangu alizika watoto wawili kwa surua. Sindano siichukii. Nataka tu waniulize, nami nijibu kweli."

Nikaandika.