Mti wa Nuhusi na Kahawa ya Uongo

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni, lakini msituni haisimami. Huko mna vyema vingi visivyojiuza kwa mtu, wala havitajwi na wale wapitao kando yake kila siku. Kimojawapo ni mbuni-mwitu wa pwani ya Afrika Mashariki, kahawa ya kwetu isiyojuana na dele wala kikombe. Historia yake ni historia ya majina kuliko ya vinywaji, na atakaye kuielewa yafaa aanzie mbali na bahari, katika nchi kavu ya Ugogo.

Haneti iko kaskazini ya mji wa Dodoma, katika wilaya ya Chamwino. Nchi hiyo hupata mvua ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika uwanda huo wa Dodoma jumla yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 500 hadi 600. Miezi inayosalia ni ya vumbi na jua. Wageni wa mbali wamelisikia jina la Haneti kwa sababu ya jiwe lake la kijani, krisopraso, ambalo wachonga vito hulitamani. Kwa kahawa haikusikika, wala haikutazamiwa. Kahawa inywewayo huko hutoka mbali, katika milima na kando ya maziwa, kwenye mvua tele.

Hata hivyo, ukoo wa kahawa haukuikimbia nchi hii. Katika vichaka vya uwanda wa Dodoma huota mti mdogo ambao Waswahili huuita mviru na Wagogo huuita msada. Watoto wa machungani wanaujua vyema: tunda lake la mviringo likiiva hugeuka rangi ya udongo, na nyama yake ina utamu wenye ukali kidogo. Huliwa hapo hapo chini ya mti, na mengine huanikwa yakawekwa. Wachache wangedhani kwamba mviru na mbuni ni jamaa wa ukoo mmoja.

Alama za ukoo huo ni tatu. Ya kwanza ni majani: huota mawili mawili, yakielekeana kama watu wawili waliokaa barazani. Ya pili ni ndogo, nayo humtaka mtazamaji asogeze jicho: baina ya vikonyo vya majani hayo mawili mna kigamba chenye ncha, kinachokinga chipukizi changa. Ya tatu ni ua. Petali zake zimeungana chini zikafanya mrija, na tunda hujengeka chini ya ua, si ndani yake. Ndiyo maana ncha ya buni, kama ncha ya viru, hubaki na kovu la duara mahali ua lilipopukutika. Tofauti imo ndani. Buni huwa na mbegu mbili zilizolaliana bapa kwa bapa, kila moja na mfereji katikati. Viru lina kokwa chache, ngumu kama jiwe.

Mviru ulipata jina la kitaalamu kwa mkono wa William Burchell, Mwingereza aliyesafiri kusini mwa Afrika kuanzia 1810 hadi 1815. Katika kitabu alichotoa mwaka 1824 aliuita Vangueria infausta. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni enye nuhusi, kwa kuwa kusini huko ulidhaniwa kuleta mikosi. Hivyo mti uwashibishao watoto wa Dodoma umeingia katika vitabu vya dunia kama mti wa kisirani.

Jamaa yake wa pwani alitangulia kuandikwa, na mambo yake yalikwenda kombo zaidi. João de Loureiro, padri wa Kireno, alikaa miaka mingi katika nchi inayoitwa leo Vietnam akikusanya mimea. Alipokuwa akirejea Ulaya alipitia Msumbiji. Mwaka 1790, huko Lisbon, alichapisha kitabu chake kikubwa, na ndani yake akauandika mbuni mmoja wa upande huu kwa jina la Coffea zanguebariae. Zanguebaria kwa Wazungu wa zama zile haikuwa Unguja peke yake. Ilikuwa pwani ndefu ya Waswahili. Jina likawa pana kama pwani yenyewe, na kwa muda wa karibu karne mbili kila mbuni-mwitu uliookotwa kuanzia Kenya hadi Msumbiji uliweza kutumbukizwa humo.

Aliyezifumua nyuzi hizo alikuwa Diane Bridson, mtaalamu wa bustani ya mimea ya Kew, London. Mwaka 1982 alionyesha kwamba chini ya jina hilo moja walikuwamo zaidi ya mmoja. Jina la Loureiro likabaki kwa mbuni wa kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Ule wa pwani ya Kenya, kaskazini-mashariki ya Tanzania na Zanzibar ukapewa jina jipya: Coffea pseudozanguebariae, yaani zanguebariae ya uongo. Sheria za kutaja mimea humpa haki aliyetangulia, na kwa sheria hizo Bridson hakukosea. Lakini tazama kejeli ya mambo: mbuni unaoota Zanzibar ndio ulioandikwa kuwa wa Zanzibar wa uongo.

Uongo huo haumo katika mti. Huu ni mti mfupi wa kivulini. Husubiri ukavu upite, na mvua ikianguka vifundo vya maua huamka vyote kwa pamoja, na baada ya siku chache huchanua maua meupe yasiyodumu. Kutoka ua hadi tunda bivu hupita miezi miwili hadi mitatu tu, ilhali kahawa ya mashambani iitwayo arabika huchukua miezi saba hadi tisa. Na tunda lake likiiva haliwi jekundu. Huwa la zambarau iliyokolea hadi weusi. Haraka hiyo inafanana na desturi za Haneti, ambako kila kiumbe hujua kwamba mvua haingoji mtu.

Ajabu yake kubwa ni kwamba mbegu zake hazina kafeini, ile dawa ya asili imwondoleayo mnywaji usingizi. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa Kifaransa walikusanya mibuni ya pwani hii wakaipanda Côte d'Ivoire, wakaizalisha na jamaa zake. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba kuwapo au kukosekana kwa kafeini katika uzao huo kunatawaliwa hasa na jeni moja kuu. Huko ng'ambo, kwa hiyo, viwanda vikihangaika kuitoa kafeini kwa maji na kemikali, msitu wa pwani ulikuwa umekwisha kuifanya kazi hiyo bila moto wala mtambo. Lakini mti hautoi bure: ndani ya mbegu zake mna uchungu mwingine, usiotokana na kafeini, na punje zenyewe ni ndogo. Labda ndiyo sababu baraza za Unguja, zinazosifika kwa kahawa tungu, zikazoea buni ya kuletwa.

Mwaka 2019 wataalamu wa Kew walipima spishi zote 124 za kahawa zilizojulikana wakati huo, wakakuta kwamba 75 miongoni mwake, yaani asilimia 60, zimo katika hatari ya kutoweka. Msitu wa pwani hupungua kwa shoka, kwa moto na kwa shamba jipya. Katika nchi ya mawe ya Unguja, vichaka hukatwa kuwa kuni na makaa ya mjini. Mkata kuni hana kosa la pekee. Hawezi kuuhurumia mti asioujua. Kwake ni kijiti miongoni mwa vijiti.

Hapo ndipo mviru unapoushinda mbuni. Vitabu vimeuita wa nuhusi, lakini Ugogo una jina lake lenyewe, msada, na mtoto anayelijua jina hilo hulijua pia tunda na msimu wake. Mbuni wa pwani umebeba jina la Zanzibar katika maktaba zote kubwa za dunia, na nyumbani haujulikani. Ukitoweka, jina lake la Kilatini litabaki salama vitabuni. Kitakachokosekana ni jina la Kiswahili la kuulilia.