Mashine ya kahawa ya Ulaya: Usitazame jina, soma chini yake

KAHAWA imekuzwa katika vilima vya Kangundo, Matungulu na Iveti, Machakos, tangu vizuizi vya kikoloni vilivyowazuia Waafrika kulima zao hilo vilipolegezwa katika miaka ya 1950. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za eneo hilo kinywaji cha asubuhi ni chai. Buni huchumwa, hupelekwa kiwandani kumenywa, kuoshwa na kuanikwa, kisha husafirishwa ng'ambo. Mkulima hubaki bila kuijua ladha ya jasho lake.

Anayetaka kubadilisha desturi hiyo nyumbani mwake huhitaji vitu vitatu: kahawa iliyokaangwa vyema, kifaa cha kuisaga na chombo cha kuipikia. Hicho cha tatu ndicho huwatatiza wengi. Muuzaji akisema kwamba mashine "ni ya Ulaya", bei hupanda papo hapo, na mara nyingi mnunuzi hana njia ya kuthibitisha kauli hiyo. Ilhali ushahidi, iwapo upo, huwa umebandikwa chini ya chombo chenyewe.

Jina si asili

Jambo la kwanza ni kutofautisha jina la kampuni na mahali bidhaa ilipoundwa. Kampuni nyingi mashuhuri za Ulaya zimehamishia sehemu ya kazi zao Asia. De'Longhi, kwa mfano, ni kampuni ya Italia yenye makao Treviso, lakini mashine zake huundwa Italia, Romania na China, kutegemea aina. Mashine mbili zenye nembo hiyo moja zaweza kukaa kwenye rafu moja ilhali zimetoka mabara mawili.

Kwa hivyo mnunuzi aigeuze mashine na kusoma kibandiko au bamba lililo chini au nyuma yake. Maneno yanayotafutwa ni "Made in", yakifuatwa na jina la nchi. Maneno "Designed in Italy" humaanisha tu kwamba mchoro ulibuniwa Italia. Herufi "PRC" nazo ni kifupi cha Jamhuri ya Watu wa China.

Alama ya CE huwapotosha wengi. Alama hiyo ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inatimiza masharti ya usalama ya soko la Ulaya. Bidhaa iliyoundwa bara lolote yaweza kuwa nayo. Vivyo hivyo, tarakimu za kwanza za msimbo wa mistari huonyesha mahali kampuni iliposajili msimbo huo, si mahali kiwanda kilipo. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Ikumbukwe pia kwamba sheria za Umoja wa Ulaya hazilazimishi kila bidhaa ya nyumbani kuandikwa nchi ilikotoka. Palipokosekana maandishi, asichukulie kwamba ni ya Ulaya. Amtake muuzaji aonyeshe stakabadhi.

Zinazoundwa Ulaya

Mojawapo ya mashine zinazojulikana wazi asili yake ni Moccamaster, inayoundwa na kampuni ya Technivorm katika mji wa Amerongen, Uholanzi. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1964 na Gerard Clement Smit. Mashine hiyo hudondosha maji yenye joto la kati ya nyuzi 92 na 96 juu ya kahawa iliyo kwenye kichujio cha karatasi, na hujaza chombo cha lita moja na robo kwa takriban dakika sita. Bei yake ni ya juu, lakini vipuri vyake huuzwa kimoja kimoja, hivyo kipande kikiharibika si lazima kuitupa mashine nzima.

Kwa wapendao kahawa nzito ya Kiitaliano, Rancilio Silvia na Gaggia Classic huundwa Italia. Mashine hizi husukuma maji kwa nguvu kupitia kahawa iliyosagwa laini sana. Bila kifaa bora cha kusagia, fedha zilizotumika huenda zikapotea bure.

Nafuu kwa wengi ni birika la Moka, lililobuniwa Italia na Alfonso Bialetti mwaka wa 1933. Halihitaji umeme. Maji hutiwa chini, kahawa katikati, na mvuke husukuma maji yapande juu yakiwa yameshageuka kahawa. Kiwanda cha Bialetti kilichokuwa Omegna kilifungwa mwaka wa 2010, na birika hilo maarufu la alumini sasa huundwa Romania. Lingali la Ulaya, ingawa wengi hudhani ni la Italia.

Birika hilo hufaa jiko la gesi lenye moto mdogo, na huendelea kufanya kazi hata umeme ukipotea. Moto wa makaa ni mgumu kudhibiti na waweza kuyeyusha mkono wake wa plastiki. Mnunuzi ahakikishe kwamba pete ya mpira ya akiba inapatikana, kwa sababu ndiyo huchakaa kwanza.

Umeme na plagi

Ulaya bara hutumia umeme wa volti 230, na Kenya volti 240, wote wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine ya Ulaya hufanya kazi hapa bila kifaa cha kubadilisha nguvu za umeme. Tatizo ni plagi: ya huko ina vijiti viwili vya mviringo, ilhali soketi za Kenya hupokea vitatu bapa. Plagi ibadilishwe na fundi wa umeme, na waya wa ardhi uunganishwe, kwa kuwa mashine hizi hukutanisha maji na umeme.

Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani ni hatari zaidi. Ile iliyoundwa kwa volti 120 pekee itaungua ikichomekwa hapa.

Ushuru na haki ya mnunuzi

Anayeagiza moja kwa moja kutoka ng'ambo ajumlishe gharama ya usafiri, ushuru wa forodha, ada nyinginezo za uagizaji na ushuru wa VAT wa asilimia 16 kabla ya kulinganisha bei na ya dukani. Mkataba wa kibiashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi mnamo Desemba 18, 2023 na kuanza kutekelezwa Julai 1, 2024. Kahawa ya Kenya huingia Ulaya bila ushuru, ilhali Kenya inafungua soko lake hatua kwa hatua kwa muda wa miaka 25. Nafuu yoyote itakayotokana nao huhusu bidhaa zenye asili ya Ulaya, wala si zile zenye jina la Ulaya tu.

Kwa bidhaa za dukani, mnunuzi atafute kibandiko cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) kinachowekwa kwenye bidhaa kutoka nje. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Risiti itaje aina kamili ya mashine, nambari yake, nchi ilikoundwa na muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika alichokitamka kwa mdomo amekwisha kujibu swali.

Rahisi ghali, walisema wahenga, lakini si kila ghali ni bora. Kwa familia ya Machakos inayotaka kuanza, birika dogo la Moka na kahawa ya humu nchini iliyokaangwa karibuni vitatoa kikombe bora kuliko mashine kubwa iliyotiwa unga uliokaa rafuni mwaka mzima.