Peugeot ya mjomba na barabara za Taita

Wasomaji wangu, leo nimeweka programu kando. Juzi nilikuwa nyumbani Voi, na nyuma ya nyumba ya mjomba, chini ya mwarobaini, ile pikapu yake ya Peugeot 504 ingali pale. Matairi yameisha upepo na kuku wanataga nyuma. Namba zake ni za mtindo wa zamani, herufi tatu na tarakimu tatu basi, kabla ya mtindo wa KAA ulioanza 1989. Mjomba alishatutoka, na binamu zangu wamepata mnunuzi wa vyuma kuukuu. Anainunua kwa kilo. Niliwaomba wanipe muda, wakaniuliza, "Muda wa nini?" Siku ile sikuwa na jibu la maana. Leo ninalo, ila ni refu.

Tuanzie mbali kidogo. Ukitoka Voi kwenda Taveta unapita Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, na kabla ya kufika unaona kilima cha Salaita. Siku hizi ni lami tupu, usingizi unakushika. Lakini mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikipiganwa hapo, Waingereza walileta upande wa Maktau magari ya Rolls-Royce. Ilikuwa chesisi ileile ya Silver Ghost ya matajiri wa London, bodi imevuliwa, imevishwa mabamba ya chuma na kuwekewa bunduki ya rashasha juu. Shambulio la Salaita la tarehe 12 Februari 1916 lilishindwa hata hivyo, kwa maana rashasha haikusaidii sana katika vichaka na miiba. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: kubadilisha gari ili lifae barabara za Taita si jambo lililoanzishwa na vijana wa Subaru.

Sasa tuje kwenye Safari Rally. Ilianza mwishoni mwa Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini. Yaligawanywa kwa bei ya dukani, kwa shilingi! Wazo lilikuwa kujua gari gani, kama lilivyo dukani, linastahimili barabara zetu. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na lori, basi, mbuzi na mama aliyetoka sokoni, wote njia moja. Yote haya yalifanyika wakati wa mvua za masika, kwani baadaye mashindano yalihamia Pasaka.

Matokeo yake yalikuwa balaa. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakafika 7 tena. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland wa Tanzania, naye kwa 404. Kwa hiyo ukiona mzee wa Voi anaapa kwa jina la Peugeot kama vile ni jina la babu yake, usimcheke. Alikuwa na takwimu.

Ubora wa Peugeot hizo ulikuwa nini? Si mbio. Injini ya 404 ni ya cc 1618 tu, imelazwa upande kwa digrii 45. Siri ni kwamba laina za silinda huchomolewa. Zikilika unaweka nyingine papo hapo gereji, bloku haihitaji kupelekwa kuchongwa mjini. Springi zake ni ndefu na laini, gari linaogelea juu ya mashimo badala ya kuyapiga. 504 iliyofuata mwaka 1968 ilichukua injini ya ukoo huohuo ikaikuza, na nayo ikashinda Safari mara mbili: 1975 kwa Ove Andersson, na 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas, ingawa ile ya 1978 ilikuwa kupe yenye injini ya V6.

Mimi nilizaliwa nimechelewa kwa hayo. Niliyoyaona ni ya miaka ya 1980, mashindano yalipokuwa yamebaki Kenya pekee na mguu wa Pwani ukipanda vilima vya Taita. Tulikuwa tunakaa juu ya ukingo wa barabara tangu alfajiri. Kwanza unasikia helikopta. Halafu unaona vumbi jekundu bondeni, halafu ngurumo, halafu kitu kinapita na kokoto zinakupiga miguuni. Toyota Celica, Nissan 240RS, Audi. Tulijifanya tunajua madereva wote. Ukweli ni kwamba tulijua rangi tu.

Lakini mjomba hakuja kuangalia mbio. Alikuja kuangalia chini ya gari. Zilipokuwa zimesimama kwa matengenezo alikuwa anachuchumaa kabisa, halafu anarudi nyumbani na mambo kichwani. Bamba nene chini ya injini, ili jiwe lisitoboe sampu. Vyuma mbele, kwa ajili ya ng'ombe na punda milia. Taa za ziada zilizogeuzwa pembeni, kwa sababu kwenye kona za kwenda Wundanyi taa ya mbele inamulika hewa na bonde, barabara yenyewe huioni. Vishikio na vikanyagio nyuma, gari likikwama topeni msaidizi anapanda huko na kuruka-ruka ili magurudumu ya nyuma yapate kushika. Kila nyongeza ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ni barabara.

Pikapu ya mjomba ilipata karibu yote hayo, kwa toleo la maskini. Bamba la chini alilikata kwenye mlango wa kontena. Springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, aliziongezea vyuma viwili vya lori. Kisafisha hewa alikihamisha juu kwa bomba la maji, kwa sababu ya vumbi. Ikawa inapakia kabichi na watu kutoka Wundanyi hadi Voi, mteremko wa takriban mita 800, siku sita kwa wiki. Miaka hiyo pikapu za 404 na 504 zilikuwa ndizo matatu zetu, na karibu kila moja ilikuwa na mkono wa fundi wake. Fundi mmoja alitambua kazi ya mwenzake kwa kuinama tu.

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu naumia. Nimewahi kurithi programu iliyoandikwa miaka kumi na tano kabla yangu, imejaa viraka, haina maelezo hata mstari mmoja. Unatamani kuifuta yote uanze upya. Halafu unagundua kila kiraka kilizuia ajali fulani iliyokwisha kutokea. Pikapu ile ni hivyohivyo, isipokuwa programu unaweza kuinakili.

Mitindo imebadilika, sikatai. Colin McRae aliposhinda kwa Subaru Impreza mwaka 1997, kizazi kizima kilipata ugonjwa, na mpaka leo kuna vijana ambao ekzosi yao husikika kabla hawajatokea. Wengi wanabadilisha kwa ajili ya sauti na macho. Mrithi halisi wa mjomba, kwa maoni yangu, ni dereva wa Probox wa Wundanyi aliyenyanyua gari lake na kukaza springi ili apakie ndizi. Haipigwi picha na mtu, lakini ina adabu ya kazi.

Na magari ya zamani yenyewe bado yanapita kwetu. Mwaka 2003, miaka 50 tangu ile ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic, ya magari ya enzi zile. Ian Duncan wa Kenya aliyashinda 2009 kwa Ford Mustang. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari yenyewe mara nne, alirudi 2011 akiwa na miaka 68, mwanawe kiti cha pembeni, akashinda kwa Porsche 911. Nayapenda sana, nisifiche. Ila Porsche hizo nyingi hujengwa upya Ulaya, huletwa kwa meli, hufurahiwa, hurudishwa kwa meli. Zinalindwa kama mayai. Zinapita mita chache kutoka kwenye 504 iliyofanya barabara hiyohiyo kwa miaka ishirini bila kombe, inayosubiri gesi ya kukatia.

Tena hesabu ni mbaya. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. 504 iliendelea kuunganishwa hapa nchini hadi 2004, ikakoma. Maana yake hakuna nyingine inayokuja. Idadi inaweza kwenda upande mmoja tu.

Basi Jumamosi nilimleta fundi mmoja mzee wa pale Voi, aliyewahi kufanya kazi na mjomba. Alitoa plagi zote nne, akamimina mafuta kwenye silinda, akaniambia tuiache siku mbili. Jumatatu asubuhi akaweka spana kwenye puli ya mbele, akavuta taratibu. Mara ya kwanza haikutikisika. Mara ya tatu ikazunguka, nzito, ikitoa sauti ya kukohoa. "Haijashikana," akasema, akaenda kunawa mikono.

Kabureta imeoza, breki hazipo, na kitabu cha gari hakijulikani kiko wapi. Binamu zangu wamenipa hadi Pasaka.