Chama kutoka Simba kwenda Yanga: Nani alifaidika?

Vijiweni Sigino, Babati, kama kwingine nchini, usajili huu bado unazua ubishi.

Clatous Chama, kiungo Mzambia, alijiunga Simba mwaka 2018. Agosti 2021 aliuzwa RS Berkane ya Morocco, Simba ikavuna pesa. Januari 2022 akarudi Msimbazi.

Mwishoni mwa Juni 2024 mkataba wake uliisha. Julai 1 Yanga ikamtangaza. Safari hii Simba haikupata ada, kwa sababu mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru.

Wana Yanga wanasema: tulimpata bila ada, tukabeba ubingwa wa 2024/25. Wana Simba wanajibu: alikaa msimu mmoja tu, akaenda Singida Black Stars. Sisi tukamleta Jean Charles Ahoua, akawa mfungaji bora kwa mabao 16, tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba ukibakiza miezi 6. Klabu isiyotaka hasara humwongezea mkataba mapema, au humuuza kabla ya hapo.