Thimlich Ohinga na Simbi: Darasa la watoto

NGOME ya Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, yaaminika ilijengwa karne ya 16 kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Baadhi ya kuta zapita mita nne kwa kimo. Unesco iliiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2018.

Katika kaunti jirani ya Homa Bay, Ziwa Simbi lina simulizi la kijiji kilichogharikishwa kwa kumfukuza bikizee mgeni.

Kwa mtoto, kuta zathibitisha kwamba Waafrika walikuwa wajenzi stadi; simulizi lamfunza ukarimu. Lakini wazee wanaoyajua hayo wakifariki kabla ya kuulizwa, mawe yatabaki bubu.