Kuhama, Kuhamisha na Kuhamishwa: Historia Fupi ya Vifaa Visivyotumia Waya na Istilahi Zake

Utangulizi

Si zamani sana tuliletewa mezani tafsiri ya mwongozo wa vifaa vya waifai vya nyumbani, vile vinavyouzwa vitatu vitatu ili kimoja kiwekwe sebuleni, kimoja chumbani na kimoja uani. Tuliisoma, tukasahihisha upatanisho wa kisarufi hapa na pale, tukairudisha. Ndani yake mlikuwa na maelezo kwamba mtumiaji anapotembea, mtandao utaihamisha simu yake kutoka kituo kimoja hadi kingine. Sarufi haikuwa na kasoro. Miezi michache baadaye mwalimu mmoja wa sekondari alitueleza kwamba alinunua vifaa hivyo kwa fedha za shule, akaona simu na kompyuta zinang'ang'ania kituo cha mbali hata zikiwa kando ya kituo kingine, akaamini kuwa ameuziwa vifaa vibovu, akagombana na muuzaji. Vifaa havikuwa vibovu. Kosa lilikuwa katika kitenzi, na kitenzi hicho kilipita mikononi mwetu.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha kosa hilo. Chanzo chenyewe ni cha kihistoria. Kuna mapokeo mawili ya mawasiliano yasiyotumia waya: katika moja mtandao ndio unaoamua, na katika jingine kifaa ndicho kinachoamua. Mfasiri asiyeyatofautisha atayachanganya, hata kama Kiswahili chake ni fasaha.

Tulichokuwa nacho tangu awali

Neno "simu" tulilipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Kwa hiyo anayesema "simu isiyo na waya" anasema, kwa asili ya maneno, "waya usio na waya". Jambo hili halikuwazuia waliotutangulia kusema "simu ya upepo", na wakaeleweka. Funzo lake ni kwamba nomino husamehe: asili yake husahauliwa, na matumizi ndiyo huipa maana. Kitenzi hakisamehe hivyo, kwa sababu hutaja nani anatenda na nani anatendewa.

Neno "bendi" nalo si geni. Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na wa Deutsche Welle, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1963, walizoea kutajiwa mita bendi za kutafuta katika redio zao. Mawimbi yalipofifia, msikilizaji alizungusha kitufe na kwenda bendi nyingine. Kituo cha utangazaji hakikumhamisha wala hakikujua kwamba amehama. Tuishike picha hii, maana itatufaa mbele.

Neno linalohitaji tahadhari ni "masafa". Katika lugha ya kila siku masafa ni umbali. Katika redio ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Katika somo letu maana hizi mbili zinapingana, kwa sababu kwa kawaida mawimbi yenye mitetemo mingi zaidi hufika karibu zaidi na huzuiwa zaidi na kuta. Anayeandika "bendi ya masafa makubwa" anaweza kueleweka kinyume kabisa. Sisi tunatumia "masafa" kwa mitetemo tu, na "umbali" kwa umbali.

Pokeo la kwanza: mtandao unaamua

Mwezi Desemba 1947, Douglas Ring wa maabara za Bell nchini Marekani aliandika pendekezo la kugawa nchi katika maeneo madogo yenye umbo la pembesita, kila eneo likiwa na mnara wake, ili masafa yale yale yaweze kutumika tena mahali pengine. Maeneo hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa seli. Ilichukua zaidi ya miaka 35 kabla ya wazo hilo kuwa huduma ya biashara Marekani: mtandao wa Chicago ulifunguliwa tarehe 13 Oktoba 1983.

Katika mtandao ule, minara ndiyo iliyopima nguvu ya mawimbi ya simu. Mtambo mkuu ulilinganisha vipimo, ukachagua mnara mpya, ukaiamuru simu ibadili chaneli. Simu ilitii. Mfumo wa GSM, ulioanza kutoa huduma Ufini mwaka 1991, uliipa simu kazi ya kupima na kutoa taarifa. Hata hivyo uamuzi ulibaki kwa mtandao. Sababu inaeleweka. Masafa yale yalikuwa na mwenyewe: kampuni iliyapewa kwa leseni, ikamiliki minara, na ikawajibika kwa mazungumzo yasikatike. Hapa basi, "kuhamishwa" ndilo neno la haki.

Pokeo la pili: kifaa kinaamua

Pokeo la pili lilitoka upande wa kompyuta. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa kwa redio. Kila mashine ilirusha ujumbe wake ilipokuwa nao. Jumbe mbili zikigongana, kila moja ilirushwa tena baada ya muda. Hapakuwa na msimamizi wa zamu.

Tarehe 9 Mei 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu mawasiliano bila leseni katika bendi tatu zilizokuwa zikitumiwa na mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, mojawapo ikiwa ile ya gigahezi 2.4 inayotumiwa pia na majiko ya mikrowevu. Bendi isiyo na leseni ni mfano wa malisho ya wote: kila mtu huingiza mifugo yake, na hakuna mwenye mamlaka ya kumwondoa mwenzake. Kamati ya 802.11 ya taasisi ya wahandisi ya IEEE ilianza kazi mwaka 1990 chini ya uenyekiti wa Vic Hayes, na kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 1 na 2 kwa sekunde. Jina la kibiashara la Wi-Fi lilifuata mwaka 1999.

Katika kiwango hicho, kifaa ndicho kinachotafuta vituo, ndicho kinachochagua, na ndicho kinachoomba kujiunga. Hata kuhama ni ombi lake. Kituo kinaweza kukataa au kukifukuza, lakini hakiwezi kukishika mkono na kukipeleka kwa jirani. Tumerudi kwa msikilizaji wa redio na kitufe chake.

Kila mtengenezaji wa simu basi hujiwekea kanuni yake. Kampuni ya Apple, kwa mfano, imeeleza hadharani kwamba simu zake huanza kutafuta kituo kingine nguvu ya mawimbi inaposhuka hadi desibeli 70 chini ya miliwati moja. Kompyuta zake husubiri hadi 75. Kabla ya kufikia kikomo hicho simu haina haja ya kutafuta, hata kama kituo bora zaidi kiko hatua mbili kutoka ilipo. Ndiyo maana vifaa vya mwalimu wetu vilionekana kung'ang'ania.

Kutoka amri hadi ushauri

Wahandisi hawakuliacha tatizo hilo. Usalama ulipoimarishwa kwa kiwango cha 802.11i mwaka 2004, kila kuhama kulihitaji kubadilishana upya funguo za siri, na aliyekuwa akizungumza alisikia ukimya. Mwaka 2008 zilitoka nyongeza mbili: 802.11r, iliyofupisha ubadilishanaji huo, na 802.11k, iliyokiwezesha kituo kumpa mgeni orodha ya majirani. Mwaka 2011 ikatoka 802.11v, iliyokiwezesha kituo kupeleka ombi la kuhama. Msomaji aone maneno tuliyotumia: kufupisha, kupa orodha, kuomba. Kifaa kinaweza kulipokea ombi hilo na kulikataa.

Habari za bendi ni hizo hizo. Tangu mwaka 1999 kulikuwa na viwango vya gigahezi 2.4 na vya gigahezi 5. Ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi, ya pili ina chaneli nyingi na pana zaidi. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, zenye kuta nene za matumbawe na chokaa, tofauti hiyo huonekana chumba hadi chumba. Mwaka 2020 Marekani iliongeza bendi ya gigahezi 6, na nchi nyingine zikafuata kwa viwango tofauti. Vituo vingi hujaribu kuvielekeza vifaa kwenye bendi iliyo tupu zaidi kwa ujanja mmoja: kifaa kikibisha hodi katika gigahezi 2.4, kituo hunyamaza kwa muda, kikitumaini mgeni atazunguka na kubisha mlango wa pili. Mgeni mwenye subira ataendelea kubisha pale pale hadi afunguliwe.

Mtandao wa nyumbani wenye vituo kadhaa umeongeza jambo moja: vituo vyenyewe huzungumza bila waya, kimoja tu kikiwa kimeunganishwa na mkongo au laini ya nje. Viungo vyake hupishana kama nyuzi za wavu, na kimoja kikikatika ujumbe hupita njia nyingine. Kiwango cha 802.11s cha mwaka 2011 kilihusu mitandao ya namna hiyo, ingawa watengenezaji wengi waliotia vifaa hivi sokoni tangu mwaka 2016 walitumia mbinu zao wenyewe. Lakini wavu huo ni wa vituo. Simu iliyo mkononi si uzi wa wavu. Ni samaki anayeogelea kando yake.

Mapendekezo

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Pale ambapo lugha nyingine huhitaji maelezo, sisi tuna viambishi vya unyambulishaji. Tunawaomba wasomaji wetu wazingatie yafuatayo:

1. "Kuhama kituo": kifaa cha waifai kinapoacha kituo kimoja na kujiunga na kingine. Mtendaji ni kifaa.

2. "Kuhamishwa": simu ya mkononi inapoamriwa na mtandao wa seli kubadili mnara. Neno hili lisitumike kwa waifai.

3. "Kushauri kuhama": kituo cha waifai kinapopeleka ombi la 802.11v.

4. "Kuelekeza bendi": kituo kinapojaribu kukifanya kifaa kichague bendi fulani. "Kubadili bendi" libaki kuwa tendo la kifaa.

5. "Mtandao-wavu": mtandao wa vituo vinavyounganishwa kwa njia zaidi ya moja.

6. "Huduma ya ugenini": mteja wa kampuni moja anapotumia mtandao wa kampuni nyingine, hasa nje ya nchi. Kiingereza hutumia neno moja kwa jambo hili na kwa lile la kwanza, na wafasiri wengi hunaswa hapo. Huduma ya One Network ya Celtel, iliyounganisha Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006, ilikuwa ya ugenini; haikuhusu waifai ya nyumbani.

Tumeepuka "kuzurura" na "kutangatanga", kwani hubeba dhana ya kukosa kazi au njia. Kifaa kinachohama kina sababu yake, hata kama hatuijui.

Hitimisho

Hatudai kwamba orodha hii ni ya kudumu. Vifaa vya kiwango cha 802.11be, vilivyoanza kuthibitishwa mwaka 2024, vinaweza kutumia bendi mbili kwa wakati mmoja. Na kifaa kilichoshika bendi zote mbili hakina haja ya kubadili. Huenda tukahitaji neno jipya, na tutafurahi kupokea maoni ya walimu na wafasiri kulihusu.

Jambo moja hata hivyo halitabadilika. Mwongozo unaotafsiriwa hununuliwa pamoja na kifaa, mara nyingi kwa fedha za umma, na mnunuzi huutegemea kama ahadi. Ule uliopita mezani petu uliahidi kitu ambacho hakuna mhandisi aliyekiahidi. Tumemwandikia mwalimu yule kumweleza kwamba asogeze vituo vyake mbalimbali na kupunguza nguvu ya mawimbi yake, ili vifaa vione mapema sababu ya kuhama. Tumeusahihisha pia mwongozo. Sentensi yake sasa inasomeka: "Mtumiaji anapotembea, simu yake inaweza kuhama kutoka kituo kimoja hadi kingine."