Herufi Tatu Zisizoandikwa

Miongoni mwa mambo yanayomtaabisha mwanafunzi wa Kiingereza, hakuna linalomkera kama maneno madogo. Nomino huikariri, kitenzi hukizoea, lakini akifika kwenye "the", "from" na "and" hubaki akibahatisha. Mwalimu hupiga mstari wa wino mwekundu, alama moja ikapungua, na jambo likaishia hapo. Wahenga, hata hivyo, walikwishaonya: mdharau mwiba, guu huota tende. Mwezi wa Novemba 1967 neno moja la herufi tatu liliachwa nje ya sentensi moja ya Kiingereza, na tende lake halijapona mpaka leo.

Vita vya Juni mwaka huo vilidumu siku sita. Vilipokwisha, majeshi ya Israeli yalikuwa yametwaa Rasi ya Sinai na Ukanda wa Gaza kutoka mikononi mwa Misri, Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan na Jerusalem ya Mashariki kutoka kwa Jordan, na miinuko ya Golan kutoka kwa Syria. Kwa miezi mitano Umoja wa Mataifa ulitafuta maneno ambayo pande zote zingeweza kuyameza. India, Mali na Nigeria zilileta rasimu iliyotaka majeshi yaondoke katika maeneo yote yaliyotwaliwa. Marekani ilileta yake, isiyokuwa na neno "yote". Wasovieti nao walileta yao, iliyotaka majeshi yarudi yalikokuwa kabla ya tarehe 5 Juni. Iliyofika ukingoni ni rasimu ya Uingereza, iliyoandaliwa na balozi wake, Lord Caradon. Tarehe 22 Novemba wajumbe wote 15 wa Baraza la Usalama waliipigia kura ya ndiyo, nayo ikawa Azimio namba 242.

Ndani ya azimio hilo mna kifungu kinachotaja kuondoka kwa majeshi ya Israeli "from territories occupied in the recent conflict", yaani kutoka katika maeneo yaliyotwaliwa katika mapigano ya karibuni. Baina ya "from" na "territories" hapana kitu. Lau pangekuwapo "the", msomaji angeelewa kuwa yanakusudiwa maeneo yanayojulikana, yale yaliyotwaliwa, bila ya kubakishwa hata shubiri. Palipoachwa wazi, mlango ulifunguliwa kwa anayetaka kusoma: maeneo, lakini si lazima yote.

Aliyepitia chuoni atalifahamu jambo hili upesi zaidi kwa kupitia Kiarabu. Alifu na lamu zikitangulia jina, jina hujulikana; zikiondolewa, jina huwa la kitu chochote cha jinsi ile. Kiingereza nacho hakikuwa na "the" tangu azali. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na maneno ya kuonyesha, mfano wa "huyu" na "yule", yaliyobadilika kwa jinsia na kwa uamilifu wa nomino. Viambishi vya nomino vilipochakaa katika karne za kati, maneno yale nayo yalipunguka hata yakasalia umbo moja. "A" na "an" zina nasaba ya namna hiyo hiyo: asili yao ni neno lenye maana ya "moja". Hivyo kibainishi ni kidole cha zamani kilichosahau kuwa kilikuwa kidole, lakini kazi ya kuashiria hakikuiacha.

Je, Caradon aliteleza? La hasha. Hugh Foot, kwa jina lake la kuzaliwa, alikuwa mtu wa dola aliyewahi kutumikia serikali ya Kiingereza katika Palestina yenyewe na kuwa gavana wa Cyprus. Baadaye alieleza hadharani kwamba neno liliachwa kwa makusudi, kwa kuwa mistari ya kabla ya vita haikuwa mipaka iliyopangwa, bali ni pale majeshi yaliposimama mwaka 1949. Upande wa Israeli nao ulikuwa na mjuzi wa lugha. Waziri wa Mambo ya Nje, Abba Eban, mzaliwa wa Cape Town, alisomea lugha za Mashariki huko Cambridge, na mwaka 1947 ilichapishwa tafsiri yake ya Kiingereza ya riwaya ya Mmisri Tawfiq al-Hakim. Mtu aliyekwishahamisha riwaya nzima kutoka Kiarabu, lugha inayobainisha, kwenda Kiingereza, lugha inayobainisha, hakuhitaji kuambiwa thamani ya neno lililokosekana. Wasovieti, ambao Kirusi chao hakina kibainishi kabisa, walijitahidi kutia "the" au "yote", wasifanikiwe. Mwisho wakaikubali rasimu kama ilivyo.

Lakini Baraza lilikuwa na lugha mbili za kazi, Kiingereza na Kifaransa, na Kifaransa hakikukubali kunyamaza. Nakala yake inasema "des territoires occupés". Katika muundo huo "des" ni mkutano wa kihusishi na kibainishi, sawa na kusema "kutoka katika yale maeneo". Angetaka kuliacha jambo wazi, mwandishi wa Kifaransa angeandika "de territoires", jambo ambalo hakulifanya. Basi azimio moja likawa na sura mbili, na kila upande ukashika nakala iliyoupendeza. Wenye ugomvi wenyewe, Waarabu na Wayahudi, walilijadili kwa lugha za watu wengine: Kiarabu kilikuwa lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973 tu, na Kiebrania hakijawa.

Waliosoma kwa "yote" walikuwa na hoja nzito. Utangulizi wa azimio hilo hilo unasisitiza kwamba haifai kujipatia ardhi kwa vita. Waliosoma kwa "baadhi" walijibu kwa kifungu kinachotaja haki ya kila dola kuishi kwa amani ndani ya mipaka salama inayotambulikana. Hapo kiunganishi nacho kikaingia vitani. Azimio linataka misingi hiyo itekelezwe yote miwili, "both", kuondoka na amani, lakini halisemi upi utangulie. Wengine wakasema: ondokeni kwanza. Wengine wakasema: fanyeni amani kwanza. Gunnar Jarring, balozi wa Sweden aliyepelekwa na Katibu Mkuu U Thant kupatanisha, alikuwa bingwa wa lugha za Kituruki. Elimu yake hiyo haikumfaa, kwa sababu aliyoyakuta hayakuwa mafumbo ya sarufi.

Ushahidi ni Sinai. Misri na Israeli zilipotiliana saini mkataba tarehe 26 Machi 1979, kwa msingi wa azimio hilo hilo lisilo na "the", Misri ilirudishiwa jangwa lake lote kufikia mwaka 1982, isipokuwa Taba, iliyorudi mwaka 1989 baada ya usuluhishi. Kutokuwapo kwa neno hakukuzuia kurudishwa kwa ardhi palipokuwa na nia. Wala kuwapo kwa "des" katika Kifaransa hakukuirudisha Golan.

Mfasiri wa Kiswahili hukaa njia panda mbele ya sentensi hii. Akiandika "maeneo yaliyotwaliwa" huwa amekuwa mwaminifu kwa ukimya wa Kiingereza. Akiandika "maeneo yale" huwa amefuata Kifaransa. Akiandika "baadhi ya maeneo" amekwishakuwa wakili wa upande mmoja. Haifai kudhani kwamba lugha isiyo na kibainishi haibainishi. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" si kauli moja, na tofauti imebebwa na silabi isiyozidi pumzi. Wajibu wa mfasiri ni kujua silabi hiyo anaitia kwa amri ya nani.

Hata hivyo, shughuli ya kuzitafuta herufi tatu imewafanya wengi wasione pengo kubwa zaidi katika ukurasa ule ule. Azimio 242 linawataja Israeli kwa jina. Linataja njia za maji za kimataifa. Linataja haja ya suluhisho la haki kwa tatizo la wakimbizi. Wapalestina halikuwataja popote. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kuwapo kwa Israeli katika eneo la Palestina lililokaliwa ni kinyume cha sheria. Humo jina limeandikwa. Kwa zaidi ya nusu karne mabingwa walibishana juu ya kibainishi, na nomino yenyewe haikuwamo.